Daraja la Le Veurdre: kwa nini tao la zege lilishuka sentimita 13, na lilivyoinuliwa tena

Mwanzoni mwa miaka ya 1910, miezi michache baada ya daraja jipya la barabara kuanza kutumika juu ya mto Allier, katikati ya Ufaransa, vilele vya matao yake vilianza kushuka. Hakukuwa na mafuriko wala tetemeko. Kabla ya kufunguliwa, daraja lilikuwa limejaribiwa kwa mashine nzito za mvuke za kushindilia barabara, zikapita na kurudi, nalo likafaulu vizuri. Lakini bila mzigo wowote mpya, matao yaliendelea kushuka siku hadi siku mpaka yakafikia sentimita 13.

Mhandisi aliyelisanifu, Eugène Freyssinet, aliliokoa kwa jeki. Aliyoyaona pale Le Veurdre ndiyo yaliyomfikisha miaka mingi baadaye kwenye zege la nyaya zilizovutwa, yaani zege linalobanwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa, ambalo leo limo katika madaraja makubwa kila bara. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo kweli. Lakini kilichoshusha matao na kilichoyainua ni jiometri ya tao pamoja na tabia moja ya zege ambayo kanuni za ujenzi za wakati ule hazikuihesabu.

Freyssinet alizaliwa mwaka 1879 na alipangiwa kazi ya serikali mjini Moulins, mkoa wa Allier, mwaka 1905. Vivuko vitatu vya mto huo vilihitaji madaraja mapya: Le Veurdre, Boutiron na Châtel-de-Neuvre. Mkandarasi François Mercier alitoa pendekezo ambalo lingemshangaza mkaguzi yeyote wa hesabu: kwa fedha zilizotengwa kujenga daraja moja la mawe, yeye angejenga yote matatu kwa zege, mradi Freyssinet asanifu na kusimamia. Serikali ilikubali. Unafuu huo wa gharama ulitokana na matao mapana na bapa: pale Le Veurdre palikuwa na matao matatu, la katikati likiwa na urefu wa mita 72.5 kutoka mguu hadi mguu, na kimo chake kikiwa karibu sehemu moja kwa 15 ya urefu huo, yaani kama mita 4.8 tu.

Ubapa huo ndio uliozaa matatizo yote yaliyofuata. Tao hubeba mzigo kwa kubanwa. Nusu mbili huegemeana kileleni, na kila mguu husukuma chini na pia nje. Uzito ukisambaa sawasawa, msukumo wa kwenda nje ukigawanywa kwa mzigo unaoshuka wima kwenye kila mguu ni sawa na urefu wa tao ukigawanywa kwa kimo mara nne. Tao lenye kimo cha robo ya urefu wake husukuma nje kwa nguvu ileile linayosukuma chini. Tao la moja kwa 15 husukuma nje mara 3.75 ya linavyosukuma chini. Tuchukue mfano wa uzito wa tani 10 kwa kila mita ya daraja: kila mguu wa tao la mita 72.5 utabeba wima tani 362, lakini msukumo wa kwenda nje utakuwa karibu tani 1,360. Nguvu hiyo hupita ndani ya zege usiku na mchana, hata barabara ikiwa tupu.

Freyssinet hakuingia kichwa kichwa. Mwaka 1908 alijenga tao la majaribio mjini Moulins lenye urefu wa mita 50 na kimo cha mita 2 tu, bapa kuliko yale aliyokusudia kuyajenga mtoni. Badala ya kutegemea miamba kuzuia miguu isiachane, aliifunga miguu yote miwili kwa kifungo cha nyaya ngumu za chuma zilizovutwa kwa nguvu ya karibu tani 2,500. Wazo la kuvuta chuma ili kubana zege lilikuwa tayari limo ndani ya jaribio hilo, miaka 20 kabla hajaomba hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi.

Njia aliyotumia kuondoa jukwaa la mbao nayo ilikuwa ngeni. Kwa kawaida zege au mawe ya tao yakishakomaa, mafundi huteremsha jukwaa taratibu na tao hukaa lenyewe, likishuka kidogo linapoanza kubanwa. Tao bapa haliwezi kumudu kushuka huko. Kwa hiyo Freyssinet aliacha mwanya kileleni, akaweka jeki ndani yake, na kuzisukuma nusu mbili zipeane mgongo. Nusu hizo hazina pa kwenda isipokuwa juu, basi tao hujinyanyua lenyewe kutoka kwenye mbao. Fundi husoma nguvu kwenye geji ya jeki na kimo kwenye darubini ya kupimia usawa, na anajua papo hapo kama hesabu za mezani zinalingana na kilichopo mtoni. Kisha mwanya unajazwa. Matao ya Le Veurdre yalikuwa na bawaba tatu, yaani viungo vinavyoruhusu kujikunja, mbili miguuni na moja kileleni, na Freyssinet alihakikisha nafasi za jeki zinabaki baada ya kazi kuisha. Uamuzi huo, uliogharimu kidogo sana, ndio uliolibakiza daraja.

Sasa turudi kwenye zile sentimita 13.

Tao la bawaba tatu ni kama mbao mbili ndefu zilizoegemezwa kichwa kwa kichwa. Miguu ikiwa haiendi popote na kila nusu ikifupika kidogo, kilele lazima kishuke, na kinashuka zaidi ya kipimo cha kufupika. Uwiano wake ni nusu ya urefu wa tao ikigawanywa kwa kimo. Kwa tao la moja kwa 15 uwiano huo ni 7.5. Kila nusu ikifupika sentimita moja, kilele kinashuka sentimita 7.5. Ukigeuza hesabu, kushuka kwa sentimita 13 kunamaanisha kila nusu ilifupika takribani milimita 17 katika urefu wa mita 36. Hiyo ni chini ya nusu milimita kwa kila mita, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona kwenye uso wa zege na ambacho kisingetoa ufa hata mmoja.

Zege hufupika hivyo kwa njia tatu, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya papo hapo. Zege likibanwa hufupika mara moja, na mzigo ukiondolewa hurudi. Kwa zege linalobanwa kwa kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, kufupika huku ni kama milimita 0.23 kwa mita. Wahandisi wa enzi hizo walikijua vizuri kiasi hiki, na jeki za kileleni zilikuwa zimeshakifidia siku ya kunyanyua tao.

Ya pili ni kusinyaa. Maji ya ziada yaliyobaki baada ya saruji kuganda huendelea kutoka kwa miezi na miaka, na zege hupungua hata kama halijabeba chochote. Kwenye hewa kavu linaweza kusinyaa kwa milimita 0.3 hadi 0.5 kwa mita. Sehemu nyembamba husinyaa haraka, sehemu nene huchukua muda mrefu.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa haimo kwenye hesabu. Zege likiwekewa mzigo usioondoka, huendelea kubonyea polepole kwa miaka, ingawa mzigo ni uleule. Maji yaliyonaswa ndani ya vinyweleo vidogo vya saruji iliyoganda husogezwa na mkandamizo, na matabaka ya saruji hiyo nayo husogea kidogo kidogo. Mwisho wa safari, kubonyea huku huweza kufikia mara mbili hadi tatu ya kule kufupika kwa papo hapo. Sehemu kubwa hutokea katika miezi ya mwanzo, kisha mwendo hupungua. Chukua mara mbili ya milimita 0.23, zidisha kwa mita 36, kisha zidisha kwa 7.5: unapata kilele kilichoshuka kama sentimita 12.5. Mkazo wa kilo 70 ni namba ya mfano tu, sikuuchukua kwenye michoro ya Le Veurdre, lakini unaonyesha kwamba kushuka kwa sentimita 13 hakuhitaji kosa la fundi wala saruji mbovu. Zege zuri kabisa lingefanya hivyo.

Kwa nini basi hatari iwe kubwa kiasi kile? Kwa sababu kushuka hujilisha. Kimo kikipungua kutoka mita 4.8 hadi 4.67, msukumo huongezeka karibu asilimia tatu. Msukumo ukiongezeka, zege hubanwa zaidi na kubonyea zaidi. Na bawaba ya kileleni, iliyowekwa kwa nia njema ili tao lisipasuke nguzo zikisogea, humaanisha kwamba hapo katikati hakuna ukakamavu wowote wa kuzuia kujikunja. Tao bapa la namna hiyo likivuka kiwango fulani halishuki tena polepole. Hugeuka ghafla na kuanguka mtoni.

Kanuni za Ufaransa za mwaka 1906 zilichukulia kwamba ukakamavu wa zege ni namba moja isiyobadilika. Mara nyingi husemwa kwamba Freyssinet alikuwa mtu wa kwanza duniani kuona kubonyea huku, na hapo pana chumvi kidogo. Nchini Marekani, William Hatt wa Chuo Kikuu cha Purdue alikuwa ameshachapisha mwaka 1907 vipimo vya boriti za zege zilizoendelea kupinda chini ya mzigo uliokaa. Tofauti ni kwamba kwenye boriti za maabara jambo hilo lilionekana kama kipimo cha kuvutia, ilhali Le Veurdre lilikuwa daraja zima, lenye watu juu yake.

Freyssinet alisimulia baadaye usiku wa uokoaji. Alirudi Moulins, akapanda baiskeli mpaka Le Veurdre, akamwamsha msimamizi wake na wafanyakazi watatu aliowaamini. Watano hao walizirudisha jeki kwenye nafasi zake, na kulipopambazuka kiasi cha kuweza kusoma darubini wakaanza kuinua. Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo walilazimika kusimamisha kazi kila baada ya dakika chache ili magari yapite.

Waliinua matao yote matatu kwa pamoja, na ni hapa ambapo kazi ingeweza kuharibika vibaya. Katika daraja la matao kadhaa, nguzo za katikati huwa nyembamba kwa kuwa msukumo wa tao la kushoto na ule wa tao la kulia hufutana. Ukiinua tao moja peke yake, kimo chake kinakuwa kikubwa na msukumo wake unabadilika, huku jirani yake akibaki na msukumo wa zamani. Tofauti hiyo hutua kwenye kichwa cha nguzo ambayo haikujengwa kuibeba. Katika mfano wetu wa tani 1,360, asilimia tatu ni kama tani 40 zinazosukuma nguzo kwa upande. Njia salama ni kupanda kwa hatua ndogo: tao hili milimita chache, lile milimita chache, pima zote, funga kabari au nati za usalama za jeki, kisha hatua inayofuata. Jeki haiachwi peke yake ibebe daraja kwa mafuta tu, maana mpira wa kuzibia mafuta ukivuja kilele kinarudi chini kwa mshtuko.

Jambo linalowashangaza wengi ni udogo wa mwanya. Uwiano wa 7.5 ulioleta balaa sasa unafanya kazi kwa faida ya fundi. Kurudisha sentimita 13 kileleni kunahitaji kusukuma kila nusu kwa milimita 17 tu, yaani mwanya mzima kufunguka sentimita 3.5. Nguvu inayohitajika ndiyo kubwa: jeki lazima zishinde msukumo wote wa tao, na zipangwe zisukume kwenye mhimili wa tao bila kuegemea juu wala chini, la sivyo kingo za zege kileleni zitamomonyoka.

Matao yalipofika mahali pake, kilele kilijazwa zege na bawaba ya katikati ikafa. Hiyo ilikuwa nusu ya pili ya tiba. Tao lisilo na bawaba kileleni ni kakamavu zaidi dhidi ya kujikunja, na kwa kuwa zege lilikuwa limeshakomaa na sehemu kubwa ya kubonyea imeshatokea, kilichobaki kilikuwa kidogo. Daraja lilitulia na kutumika mpaka lilipobomolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Daraja la Châtel-de-Neuvre nalo liliangamia vitani. La Boutiron, karibu na mji wa Vichy, lililokamilika mwaka 1913, bado limesimama, na mtu anayetaka kuona jinsi Le Veurdre lilivyokuwa aende pale: ni ndugu wa tumbo moja.

Freyssinet aliendelea kujenga matao huku akilipima zege kwa miaka mingi. Daraja la Plougastel juu ya mto Elorn, huko Brittany, lililofunguliwa mwaka 1930 na Rais Gaston Doumergue, lina matao matatu ya zege ya zaidi ya mita 180 kila moja, rekodi ya dunia kwa wakati wake. Jukwaa la mbao lilikuwa moja tu. Tao la kwanza lilipokomaa, jukwaa liliwekwa lielee majini juu ya matishari na kupelekwa kwenye nafasi ya pili, kisha ya tatu. Matao yalinyanyuliwa kwa jeki za kileleni, safari hii kubonyea kwa zege kukiwa kumepimwa na kuingizwa kwenye hesabu. Wajerumani walilipua tao moja mwaka 1944, likajengwa upya, na leo daraja hilo ni la waenda kwa miguu, baiskeli na vyombo vya mwendo mdogo, magari yakipita kwenye Daraja la Iroise la mwaka 1994.

Mwaka 1928 Freyssinet na Jean Séailles waliomba hataza ya zege linalobanwa kwa nyaya zilizovutwa. Wengine walikuwa wameshajaribu tangu karne ya 19 na kushindwa, na somo la Le Veurdre ndilo linaloeleza sababu. Nondo laini ikivutwa kwa kilo 1,000 kwa sentimita ya mraba hurefuka nusu milimita kwa mita. Zege likisinyaa na kubonyea kwa milimita 0.8 kwa mita, mvuto wote umeshaliwa na nondo imelegea. Waya mgumu unaovutwa kwa kilo 10,000 hurefuka milimita 5 kwa mita, ukipoteza 0.8, bado una asilimia 84 ya mvuto wake. Mtu ambaye hajui zege linafupika kiasi gani hawezi kuchagua chuma kinachofaa. Daraja la Nyali mjini Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea, ni mmoja wa wajukuu wa hesabu hiyo.

Jeki za matao pia hazikutoweka. Freyssinet alibuni jeki bapa, kifuko cha bati chembamba kinachojazwa mafuta ili kitune, kisha mafuta hubadilishwa kwa uji wa saruji unaoganda na kubaki humo milele. Jeki hizo ndizo zilizonyanyua mbavu za Daraja la Gladesville mjini Sydney, tao la zege la mita 305 lililofunguliwa mwaka 1964.

Anayetunza daraja la zamani la tao la zege leo atakuta kubonyea kumeshaisha kwa kiasi kikubwa, lakini jiometri ni ileile, na kilele kinaposhuka swali la kwanza ni kama zege limefupika au miguu imeachana. Kwenye tao la moja kwa 15 matokeo yanafanana kabisa: kila mguu ukirudi nyuma sentimita moja, kilele hushuka sentimita 7.5 vilevile. Jibu halipatikani kwa kupima kilele peke yake. Pima umbali kati ya miguu kutoka kwenye alama zilizokitwa kwenye mwamba mbali na daraja, pima kilele, na pima robo za tao kila upande. Umbali kati ya miguu ukiwa umeongezeka, tatizo liko ardhini, mara nyingi mkondo wa maji umechimbua chini ya msingi, na kuinua kwa jeki bila kutibu msingi ni kupoteza fedha. Robo moja ikiwa juu na nyingine chini, tao linaelemea upande na hilo ni la kuripotiwa siku hiyohiyo.

Joto nalo hudanganya. Zege hurefuka kama milimita 0.01 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mwili wa tao ukipoa kwa nyuzi 10, kila nusu ya tao la mita 72.5 hufupika milimita 3.6 na kilele hushuka karibu sentimita 2.7 bila ugonjwa wowote. Vipimo vichukuliwe alfajiri, msimu uleule kila mwaka, na joto la zege lenyewe liandikwe pembeni mwa kila namba. Orodha ya vipimo isiyo na joto haiwezi kutofautisha majira ya baridi na msingi unaosogea.

Kwenye matao yasiyo na bawaba, nyufa huzungumza mapema. Tao linalotanuka hupasuka upande wa chini kileleni na upande wa juu karibu na miguu, na zile za juu hufichwa na kifusi cha barabara, ndiyo maana wakaguzi wanaopita chini kwa mashua huziona za kileleni tu. Kwenye matao yenye bawaba, ukaguzi uanzie kwenye bawaba zenyewe: maji yanayovuja kutoka kwenye kiungo cha barabara hubeba mchanga na chumvi hadi kwenye bawaba ya kileleni, kutu huishika, na bawaba iliyoshikwa hubadilisha hesabu zote za tao huku ikionekana nzima. Ziba kiungo cha juu kwanza, safisha bawaba, kisha ndipo uanze mfululizo mpya wa vipimo.